Kompyuta Ililalamika, Waraka Ukanyamaza

Kama umeajiriwa juzi, ukapewa kompyuta yenye namba ya mali ya serikali imebandikwa mgongoni, na mtu akakwambia kazi yako ni "kuandaa taarifa tu", hebu nisikilize kidogo. Hilo neno "tu" limeingia hapo kwa bahati mbaya. Mimi nimeandaa taarifa za mifugo hapa Bariadi mpaka nywele zikageuka rangi. Sasa nimestaafu, nakaa Somanda, kazi yangu kubwa ni kugombana na kuku wa jirani. Lakini yapo mambo ya ile kazi ambayo hadi leo nikiwa nachagua mchele nayakumbuka nacheka peke yangu, na lipo moja ambalo silicheki.

Naitwa Bi Rehema. Kwetu Tanga. Nilihamishiwa huku nikijipa moyo kwamba nitaomba uhamisho nirudi, na uhamisho wenyewe sikuwahi kuuomba. Wasukuma niliofanya nao kazi walizoea kunitania kwamba naongea kama naimba. Mie nikawaambia wao wanaongea kama wanahesabu ng'ombe, na kwa kuwa ndiyo kazi tuliyokuwa tukiifanya, wakacheka wenyewe.

Zamani tulikuwa tunapiga hesabu upande mmoja, tunaandika taarifa upande mwingine, kisha tunanakili namba kutoka huku kwenda kule. Ukisinzia baada ya ugali wa mchana, kata nzima inajipatia mbuzi wa kata ya jirani. Ndipo akaja Sospeter, kijana wa Bukoba aliyeletwa kutusaidia mambo ya kompyuta. Kwa umri ningeweza kumzaa, lakini kwa mambo haya yeye ndiye mwalimu wangu, na simwonei haya kumwita hivyo.

Sospeter alituletea mtindo ambao nyie mmeukuta umeshazoeleka. Unakuwa na waraka mmoja. Ndani yake mna maneno ya kawaida, "hali ya mifugo katika wilaya ni kama ifuatavyo", na katikati ya maneno mna vipande vya msimbo. Ukiamuru, kila kipande kinakwenda kusoma data, kinapiga hesabu yake, na jibu linakuja kukaa chini yake palepale. Hakuna kunakili tena. Data ikibadilika, unaamuru upya na jedwali linabadilika lenyewe. Siku ya kwanza kuona hivyo nilimwambia arudie, nikamwambia arudie tena, mpaka akaniuliza kama naumwa.

Basi tuliutumia waraka ule kwa mambo mengi, mojawapo likiwa mgao wa chanjo ya homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa ule ukiingia zizini, mfugaji anasikia kikohozi asubuhi na moyo unamlipuka. Chanjo yake inataka baridi muda wote, na ikishachanganywa haingoji mtu, kwa hiyo timu inapita kijiji mara moja na dozi zilizopangwa kwa kijiji hicho. Waraka ndio unaosema kijiji gani kina ng'ombe wangapi na wako kwenye kaya zipi. Ukikosekana humo, siku hiyo unaangalia wenzako wanavyochanjiwa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, taarifa ya chanjo ilipotoka, niliisoma nikahisi kitu hakijakaa sawa. Sikuona kosa lolote, na hilo ndilo lililonisumbua. Data kutoka vijijini haijawahi kuja safi tangu niifahamu. Kuna hereni za masikioni zimerudiwa namba, kuna ng'ombe amezaliwa mwaka ujao, kuna mtu ameandika "wengi" mahali pa idadi. Sasa huu waraka uliokuwa mbele yangu ulikuwa umenyooka kuanzia juu hadi chini.

"Sospeter," nikamwita, "hii mashine yako haijalalamika hata kidogo?"

"Ingelalamika tungeona, mama."

"Tungeona wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye waraka. "Si hapo hapo, chini ya kipande."

Una hakika, nikamuuliza. Akasema ana hakika. Mie tangu utotoni mtu akiniambia ana hakika mwili unaniwasha mpaka nijaribu. Marehemu mama yangu alinichapa kwa tabia hiyo, haikutoka. Nikachukua kipande kimoja cha msimbo nikakiharibu kwa makusudi. Nikakiambia kikafungue faili ambalo duniani halipo, nikaliita jina la kuku wangu. Nikaamuru.

Chini ya kipande pakabaki patupu. Hapakuwa na jibu, wala kosa, wala lawama.

Nikakaa nikiangalia ule uwazi. Faili halipo, mashine inajua halipo, lazima imesema neno. Imemwambia nani? Sospeter naye akasogeza kiti. Nikaona masikio yake yamebadilika rangi kidogo, na mie nikafurahi, maana nilijua sasa tuko wawili. Tukaanza kusogeza madirisha ya kioo moja baada ya jingine, na nyuma kabisa, chini ya barua pepe na kalenda, tukakuta kidirisha cheusi ambacho hakuna aliyewahi kukijali. Mashine ilikuwa imeandika humo: faili la jina la kuku halikupatikana. Na juu ya mstari huo kulikuwa na mistari mingine tele.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana hili ndilo somo. Programu ina njia mbili za kutolea maneno. Njia ya kwanza ni ya majibu. Njia ya pili ni ya malalamiko, makosa na maonyo. Ukikaa mbele ya mashine na kuiendesha mwenyewe, zote mbili zinamwagikia kwenye kioo kimoja, hivyo huoni tofauti. Lakini kipande cha msimbo kilichomo ndani ya waraka kinaweza kuwa kimewekwa kikamate njia ya kwanza tu. Ya pili inakwenda kwenye kidirisha cha nyuma, na ukikifunga ndiyo imepotea. Msomaji wa waraka anaona majibu, anadhani amesikia yote.

"Zifanye njia mbili ziwe moja," nikamwambia Sospeter.

"Inawezekana," akasema, na juu ya kipande akaandika kitu hiki: exec 2>&1. Mara ya kwanza nilidhani kuna mdudu ametembea kwenye kibodi. Maana yake ni kwamba njia ya pili ielekezwe ilikoelekea ya kwanza. Tukaamuru tena. Bado patupu. Sospeter akakuna kichwa, akaondoka, akarudi na chai, akakuna tena. Kumbe waraka wetu ulikuwa na adabu yake: kipande kikimalizika kwa kushindwa, unatupa kila kilichosemwa. Ilibidi aongeze mwishoni mstari wenye nukta pacha peke yake, amri isiyofanya lolote ila kumaliza salama. Waraka ukiona mwisho mwema unakubali kuandika yote, pamoja na kilio.

Lakini msije mkaweka nukta pacha mkaenda kulala. Zile zinauambia waraka kwamba mambo yameisha salama, na huo ni uongo unaokubalika kwa sharti moja, kwamba wewe utasoma kilichoandikwa. Nilifanya kazi na bwana mmoja wa Singida, mcheshi sana, aliyekuwa anachukia maonyo kuliko kitu chochote. Yeye aliielekeza njia yake ya malalamiko kwenye shimo la kompyuta, mahali ambapo kinachoingia hakionekani tena. Taarifa zake zilipendeza mpaka zikasifiwa kwenye kikao. Baadaye walikuta wilaya yake ina nguruwe wengi kuliko watu, naye akasema mbona mashine haikumwambia.

Na jambo jingine dogo. Zikishaunganishwa, msiamini mpangilio. Majibu huwa yanasubiriana kwanza ndipo yatoke kwa pamoja, malalamiko hayasubiri. Kwa hiyo utaona kosa limeandikwa juu kabisa ukadhani limetokea mwanzo, kumbe limetokea mwisho. Mie hilo lilinipotezea asubuhi nzima ya kutafuta mahali pasipo.

Turudi. Tulipoamuru waraka wote wa chanjo kwa mtindo huo, karatasi zile zilizonyooka zikajaa maneno. Mengi yalikuwa ya kawaida, hereni zilizorudiwa na ng'ombe wa mwaka ujao, nikawaona kama jamaa niliowakumbuka. Kisha chini ya jedwali la kijiji cha Mwankindi pakatokea mstari: "Ng'ombe hawa hawana mwenye kijijini. Wameachwa." Na namba za hereni zikafuata, safu kwa safu, zizi zima.

"Nani ameandika maneno haya?" nikauliza.

Sospeter akayasoma mara mbili. "Mimi," akasema. "Niliiagiza programu iseme hivyo, na kumwacha nje ya hesabu, ikikuta ng'ombe ambaye mwenye wake hayumo kwenye kaya za kijiji. Tangu siku ile sijawahi kuyaona tena."

Nikampigia Maduhu, afisa mifugo wa kata ile, mwenyeji wa hukohuko. Nikamsomea hereni chache. Hakuhitaji nyingi.

"Hao ni ng'ombe wa kuwekeshwa, mayu," akasema. Mayu ni mama kwa Kisukuma, na Maduhu hajawahi kuniita vingine. "Wako kwa Mama Minza, yule mjane. Mwenye mali ni shemeji yake, Jidayi, ana duka Nyashimo."

Mie mtu wa pwani jambo hili lilinichukua muda kulielewa. Huku mtu hawaweki ng'ombe wake wote mahali pamoja. Anawagawa kwa ndugu na jamaa, ugonjwa au ukame ukipiga huku, kule wanabaki. Anayewatunza anakunywa maziwa, anapata samadi, anawafunga maksai jembe na kulima shamba lake. Akiwatunza vizuri, siku moja mwenye mali anampa ndama awe wake. Akiwatunza vibaya, wanaswagwa kwenda kwa mwingine, na hakuna wa kumwekesha tena. Hereni za Mwankindi zilikuwa na jina la Jidayi, kaya ilikuwa na jina la Mama Minza, na programu haikuwa na neno la kuwaunganisha. Kwenye jedwali letu yule mama alikuwa na ng'ombe sifuri.

"Mwaka jana walichanjwa?" nikamuuliza Maduhu.

"Mwaka jana sikuwa kituo hiki. Naambiwa dozi ziliisha kabla ya kumfikia." Akaongeza, "Na kuna ng'ombe mmoja pale anakohoa."

Tulirekebisha mgao, dozi zikaongezwa, na timu ilipokwenda Mwankindi nikaingia kwenye gari nao. Kazi yangu ilikuwa mezani, lakini nilitaka kuwaona hao ng'ombe wasio na mwenye.

Mama Minza alikuwa mwembamba, mrefu, hana maneno mengi. Maduhu akamsalimia, "Mwangaluka, mayu," naye akajibu, akatupeleka zizini. Alikuwa ameshamfunga peke yake yule anayekohoa, mbali na wenzake, na ndama wake akilia ng'ambo ya miba. Maduhu akamsikiliza kifuani kwa kifaa chake, akanitazama, akatikisa kichwa. Chanjo haimponyi aliyekwisha kuugua. Wengine wote wakachanjwa. Nilikuwa nasoma hereni kwa sauti, na kila niliyoisoma ilikuwa imeandikwa kwenye ule mstari wa malalamiko.

Tulipomaliza nikamuuliza Mama Minza kwa nini mwaka jana, dozi zilipoisha, hakwenda kusema.

"Nilienda," akasema. "Nilienda kwenye ofisi. Wakaniuliza, ng'ombe ni wako? Nikasema si wangu. Wakasema mwenye ng'ombe aje mwenyewe."

"Ukamwambia nani mwingine?"

"Nilimwambia shemeji kwa simu. Hakuniamini. Alisikia kijiji chote kimechanjwa, akasema mimi nilikuwa shambani kwangu, ng'ombe wake nimewasahau." Akamtazama yule mgonjwa. "Huyu akifa, atakuja kuwachukua wote. Ameshasema. Na nitalima na nini? Wajukuu wangu watakunywa nini?"

Programu ilimwacha kwa sababu hakuwa mwenye mali, na watu wakamwacha kwa sababu hiyohiyo, na yeye alisema wazi kila alipoulizwa. Njia nzima ya kurudi nilikuwa nasonya, dereva akadhani nimekasirishwa na mashimo ya barabara.

Ng'ombe yule alikufa kabla wiki haijaisha. Maduhu akanipigia. Akaniambia pia kwamba huku, ng'ombe wa kuwekeshwa akifa, anayemtunza hapigi simu yakaisha. Anachuna ngozi, anaipeleka kwa mwenye mali, na anaeleza mbele yake. Ngozi inaonyesha kwamba hukumuuza wala hukumla kwa siri. "Lakini ngozi haisemi kuhusu chanjo, mayu," akaniambia. "Haisemi kama ni uzembe au siyo."

Nikakata simu nikawaza. Nikamgeukia Sospeter.

"Ule waraka wa mwaka jana, upo?"

"Upo. Na data zake zipo."

"Weka zile alama zako za mdudu, uamuru upya."

Akaelewa kabla sijamaliza. Waraka wa mwaka jana, ambao wakati wake ulitoka safi ukasainiwa na kupelekwa, sasa ukatoka na kilio chake chote. Chini ya Mwankindi ukasema vilevile: ng'ombe hawa hawana mwenye kijijini, wameachwa. Hereni zilezile, na ya yule marehemu ikiwamo. Mkuu wetu wa kitengo akausoma, akasema kosa ni la ofisi na liandikwe kuwa ni la ofisi. Akagonga mhuri kwenye ukurasa ule. Namheshimu kwa hilo, maana wapo ambao wangeniambia nifunge kidirisha.

Mama Minza alipokwenda Nyashimo na ngozi nilimsindikiza, mie na Maduhu. Hakuna aliyenituma. Dukani kwa Jidayi kulikuwa na mabati, misumari, na redio ikiongea. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, lakini alipoiona ngozi alizima redio na hakumkaribisha shemeji yake kiti. Mama Minza akaitandika ngozi sakafuni, akapiga goti, akaeleza kwa Kisukuma. Nilifahamu maneno machache. Jidayi akajibu kwa ufupi, kwa sauti ya chini, na Maduhu akaninong'oneza: "Anasema kesho atatuma watu wawaswage wote."

Nikampa Jidayi ule ukurasa. Nikamweleza sisi ni nani, na mhuri ule ni wa wapi. Akavaa miwani, akasoma mstari, akasoma hereni. Akashuka sakafuni mwenyewe, pamoja na unene wake, akalinganisha namba na hereni iliyokuwa bado imening'inia kwenye sikio la ngozi.

"Hii ni ya mwaka jana?" akaniuliza.

"Ya mwaka jana. Ng'ombe wako waliachwa kabla timu haijaondoka Bariadi. Hata shemeji yako angelala nao mlangoni mwa ofisi, dozi zao hazikuwepo."

"Inasema hawana mwenye."

"Kijijini. Jina lako halipo Mwankindi. Tulitafuta mwenye mali, hatukuuliza anayewatunza ni nani."

Akakaa chini palepale, kando ya ngozi. Akamgeukia shemeji yake. "Ulinipigia simu," akamwambia kwa Kiswahili, nadhani alitaka na sisi tusikie. "Uliniambia ulikwenda wakakufukuza. Nikakutukana."

Mama Minza alikuwa anaitazama sakafu.

"Wabaki kwako, shemeji," Jidayi akasema. "Na huyu aliyekufa ameacha ndama. Ndama ni wako. Hawa wa ofisini wakamwandike kwa jina lako."

Mama Minza akashika upindo wa khanga yake, akaufunika uso, akalia kwa sauti, palepale katikati ya mabati. Mie nikatoka nje nikasimama kibarazani, nikimwachia Maduhu kazi ya kuuliza ndama ana hereni namba ngapi.